Nguva si samaki: mifupa yake inamtaja ndugu yake tembo

Tangu tuanze kupita kwenye madiko ya Rufiji, Mafia na Kilwa kueleza katazo la kumvua nguva, lalamiko ni lilelile: "Samaki wa baharini, mbona mnamlinda kama ndovu?" Jibu limo mwilini mwake.

Lichukue pezi la mbele. Kwa nje ni kasia. Ukilichuna unakuta mfupa mmoja wa mkono wa juu, miwili ya kigasha, kisha kiganja na vidole vitano. Mpangilio ni uleule wa mkono wako na wa mguu wa mbele wa tembo. Kiunoni, katikati ya nyama, vimebaki vifupa vidogo vya nyonga, ilhali miguu ya nyuma haipo. Vifupa hivyo amevirithi kwa mababu waliotembea nchi kavu. Chuchu za jike ziko karibu na kwapa, kama za tembo, si nyuma kama za ng'ombe. Dume akikomaa huchomoza pembe mbili fupi ambazo, sawa na pembe za ndovu, ni meno ya mbele ya juu. Vipimo vya vinasaba vimekuja baadaye vikakubaliana na mifupa: nguva, tembo na pimbi ni ukoo mmoja.

Wengi humweka kundi moja na pomboo. Umbo linawapoteza, maji yamewachonga wote wawili, lakini jamaa wa karibu wa pomboo huku nchi kavu ni kiboko. Na ile hadithi kwamba nguva ni nusu mtu, nusu samaki tuiache, nimeijibu mara nyingi mno.

Nguva akinaswa hai kwenye jarife, kata wavu papo hapo, maana ni lazima apande juu kuvuta pumzi kila baada ya dakika chache. Akiwa amekufa, usimchune wala usigawe nyama. Toa taarifa kwa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za pwani) au kwa ofisa uvuvi, ukitaja mahali, saa na aina ya wavu. Kumuua, kuuza au kumiliki nyama, mafuta, mifupa au meno yake ni kosa, na kusema "nilimwokota tu" hakuondoi kosa la kumiliki. Kuvusha viungo vyake mpakani ni shauri jingine, kwani yumo katika Kiambatisho cha Kwanza, orodha ya wanaolindwa zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Meno yaachwe tayani. Yakipasuliwa yanaonyesha tabaka za ukuaji, na kwa kuzihesabu tunapata umri wake.