Kelele ya redio iliyopumzika wakati wa mbalamwezi

Msikilizaji anayekutana na sauti asiyoifahamu kwenye masafa mafupi kwa kawaida hujiuliza inafanana na nini. Mimi, baada ya miaka mingi ya kutengeneza redio hapa Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria, hujiuliza kwanza inaanza saa ngapi na inakoma lini, kwa sababu sikio hudanganyika upesi kuliko daftari.

Mfano ni mvumo ulioanza kunisumbua kwenye mita bendi ya 49, karibu na megahezi 6. Ulisikika kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, ukajirudia kila baada ya kilohezi sitini na kitu nilipopandisha masafa, na kila mahali uliposikika ulikuwa ukihamahama taratibu. Nilidhani ni rada. Zipo rada zinazotumia masafa mafupi kuona ng'ambo ya upeo wa macho, na iliyosumbua dunia zaidi ni ile ya Muungano wa Kisovieti, iliyogonga mara 10 kwa sekunde kuanzia 1976 hadi 1989, wasikilizaji wakaiita kigogota. Baadhi ya rada za leo hupiga mara 50 kwa sekunde, na kwa kuwa umeme wetu nao ni wa hezi 50, mivumo hiyo miwili hukaribiana sana masikioni. Hata hivyo, ishara inayotoka mbali huakisiwa na ionosfia, tabaka la juu la angahewa lisilotulia, hivyo hupanda na kushuka kama mtu anayepumua. Mvumo wangu haukupumua.

Nilizima swichi kuu ya nyumba, redio ikiwa kwenye betri, na mvumo ukabaki. Umeme wa mtaa mzima ulipokatika, ukatoweka papo hapo. Kwa hiyo chanzo kilikuwa jirani. Niliandika nyakati zake kwa miezi miwili: ulianza kama saa tatu asubuhi, ukakoma alasiri, lakini kila mwezi kulikuwa na wiki nzima ya ukimya ambayo sikuweza kuieleza. Mke wangu, aliyekulia mwaloni, alilitazama daftari akacheka. "Baba watoto, hizo si siku za mbalamwezi? Nani anavua dagaa na mwezi wote huo?"

Dagaa hufuata taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu ya kuwavuta, na mitumbwi hupumzika. Zamani taa hizo zilikuwa karabai, lakini siku hizi nyingi ni za LED zinazotumia betri, nazo betri lazima zichajiwe mchana.

Kutafuta mahali penyewe kulihitaji hila ndogo. Antena ya kuchomoa haioneshi mwelekeo vizuri, lakini mvumo ulisikika pia kwenye masafa ya kati, ambako redio ndogo hutumia kijiti cha feraiti, aina ya kauri yenye usumaku, kilichomo ndani yake. Ukiigeuza redio hadi kelele ipungue kabisa, ncha za kijiti zinaelekea kwenye chanzo, ila hujui ni ncha ipi, hivyo unapima tena kutoka sehemu nyingine. Mistari yangu miwili ilikutana kwenye kibanda cha kuchajia betri.

Nilifungua chaja mojawapo kwa ruhusa ya kijana mwenye kibanda. Chaja za aina hii hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kichujio ndicho kinachozuia makapi ya kazi hiyo yasirudi kwenye waya. Kwenye bodi niliona alama iliyochorwa ya koili ya kichujio, lakini koili yenyewe haikuwapo. Mahali pake palikuwa na vipande viwili vya waya vilivyochomelewa.

"Kumbe, fundi, chaja zangu nazo zinatangaza," kijana yule alisema.

Kwenye redio za CB, zile za mawasiliano ya watu binafsi, za megahezi 27 kelele hiyo ilikuwa hafifu. Huko mshukiwa wa kwanza huwa mwingine: kati ya megahezi 26.957 na 27.283 mashine za viwandani, zikiwamo za kuunganisha plastiki kwa joto, zimeruhusiwa kufanya kazi, na mlio wake wa kuyumba, jua likiwa na shughuli nyingi, unaweza kusafiri kutoka bara jingine. Mikwaruzo ya usiku isiyo na mpangilio wala huwa siichunguzi, maana ziwa hili lina radi.

Tulizungusha waya za kila chaja mara nane kwenye pete ya feraiti. Mvumo ulibaki kwa mbali, chini ya sauti ya mtangazaji, na chaja ile isiyo na koili kijana aliamua kuitumia usiku tu, nikiwa nimelala.