Maji ya Kumenyea Kahawa: Maswali Tunayoulizwa Zahanati

Msimu wa kahawa unapopamba moto Kilimanjaro, tunaletewa watoto wanaoharisha ambao nyumbani kwao wamekunywa maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili unaoleta maji vijijini, yanayonuka kama togwa iliyochacha.

Maji hayo yana nini?
Yamechanganyika na maji yaliyotumika kumenyea kahawa mbivu na kuoshea utelezi wake. Sukari iliyomo huchacha na kuyafanya makali kama siki.

Si ni maji ya tunda tu?
Kauli hii tumeisikia mno. Yakimwagwa mtoni, vijidudu vinavyoyaozesha humaliza oksijeni, samaki wakafa na maji yakanuka hadi kwa jirani aliye bondeni.

Yanatibiwaje ili yamwagilie shamba?
Maganda huchujwa yakawa mboji, maji hutiwa chokaa ili ukali upungue, tope likaachwa lituame, kisha maji hupitishwa katika mabwawa yanayofuatana, la mwisho likiwa wazi kwa jua na hewa. Kwa kawaida pH (kipimo cha ukali wa maji; ikiwa chini ya 7 maji ni makali kama siki) ya maji ya kumwagilia huwa kati ya 6.5 na 8.4. Hata hapo yaelekezwe kwenye migomba na mibuni, yasiingie kwenye mfongo ambao watu wanachota.

Yakishatibiwa, yananyweka?
Hapana. Yametibiwa kwa ajili ya shamba.

Hata yakituama usiku kucha yakawa meupe?
Hapana. Weupe si usafi.

Hata yakichemshwa?
Hapana. Kuchemsha huua vijidudu, lakini ukali na uchafu ulioyeyuka hubaki, tena huzidi kukolea kadiri maji yanavyopungua sufuriani.

Nikitia dawa ya klorini?
Hapana pia, na hapa ndipo wengi wanapoponzwa: klorini huishia kwenye uchafu wa kahawa kabla ya kuvifikia vijidudu vya kinyesi ambavyo mfongo umevizoa zizini na chooni, kwa hiyo mama anaamini ameyatibu maji kumbe bado.

Mtoto ameanza kuharisha. Nisubiri kesho?
Usisubiri. Mara nyingi tunaletewa mtoto siku ya tatu, macho yameingia ndani, hajakojoa tangu asubuhi, ngozi ya tumbo ukiivuta hairudi upesi, na mzazi anaeleza kwamba alikuwa akimpa majani ya mpera. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaliyochanganywa kwa maji safi, kidogo kidogo kwa kijiko, uendelee kumnyonyesha, na umlete leo hii huku ukimnywesha njiani.