Kinga ya mwili na mageuko ya binadamu: maswali ambayo watu wananiuliza

Nikianza kuongelea kinga ya mwili na watu, mazungumzo huwa yanaishia palepale. Mtu anasema "mbona mababu zetu waliishi bila chanjo na walikuwa imara, si mwili utazoea wenyewe tu?" Ni swali la maana na linahitaji jibu la kueleweka kwasababu kuna wazazi wanaamua mambo ya watoto wao kwa kulitegemea, kwahiyo nimekusanya hapa hilo na ndugu zake wote.

Swali: Huu mfumo wa kinga ni kitu gani hasa, uko wapi mwilini?

Jibu: Hauko sehemu moja. Ngozi ni kinga, makamasi ni kinga, asidi ya tumboni ni kinga, mdudu akizivuka hizo ndio anakutana na chembe nyeupe za damu ambazo zinatengenezwa kwenye uboho ndani ya mifupa. Kuna kundi la kwanza ambalo halichagui, likikutana na kitu kigeni linakimeza hapohapo, hao ndio wanaleta uvimbe, wekundu na joto kwenye kidonda na ule usaha unaouona sehemu kubwa ni chembe nyeupe zilizokufa kazini. Halafu kuna kundi la pili, chembe B na chembe T, hawa ni wataalamu, kila chembe imeumbwa itambue umbo moja tu la adui. Ukiwa na kidonda mguuni afu mtoki ukavimba kinenani ujue hapo wataalamu wamekusanyika na wanazaliana.

Swali: Sasa wanamtambuaje mdudu ambae hajawahi kuingia mwilini?

Jibu: Hili lilisumbua wanasayansi miaka mingi, maana binadamu ana jeni, yaani maelekezo ya kurithi yaliyo ndani ya chembe, kama elfu 20 tu za kutengeneza protini lakini anaweza kutengeneza kingamwili, yaani protini za chembe B zinazomshika mdudu, za aina mamilioni na mamilioni, zinatoka wapi? Aliyelijibu ni Mjapani Susumu Tonegawa na alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1987. Alionyesha kwamba kila chembe B wakati inakua inachukua vipande vya jeni, inakata na kuviunga upya kwa kubahatisha, kama mtu mwenye herufi chache anaeandika maneno mengi kwa kuzipanga tofauti tofauti. Kwahiyo kabla hujaumwa chochote tayari una jeshi lenye maumbo ya kila namna linasubiri.

Na kuna hatua nyingine ambayo mimi naipenda kuliko zote. Mdudu akiingia, zile chembe B zilizomshika kidogo zinaanza kuzaliana ndani ya mitoki na kila zikizaliana jeni zao za kingamwili zinabadilika kidogo, zinazoshika vizuri zaidi zinaishi na zinazoshika vibaya zinakufa, mzunguko unarudiwa na kurudiwa mpaka baada ya wiki chache unapata kingamwili kali kuliko ulizoanza nazo. Yaani mabadiliko ya kubahatisha yakifuatiwa na uteuzi, ambayo ndio mageuko yenyewe, yanafanyika ndani ya mwili wa mtu mmoja ndani ya mwezi. Wakishamaliza baadhi wanabaki kama kumbukumbu, wengine kwa miongo mingi.

Swali: Kwahiyo kama mimi niliugua surua nikapona mtoto wangu atazaliwa na kinga yake?

Jibu: Atazaliwa na kinga ya kuazima tu. Yale mafunzo yote yanabaki kwenye chembe zako za damu, hayaingii kwenye yai wala kwenye mbegu za kiume, kwahiyo mtoto harithi. Anachopata ni kingamwili za mama zinazopita kwenye kondo la nyuma na nyingine kwenye maziwa, na hizo za kwenye kondo zinaisha ndani ya miezi. Ndio sababu kwa kawaida chanjo ya surua inaanza kutolewa mtoto akiwa na miezi 9 au 12, ukimchoma mapema sana zile za mama zinaizima chanjo, ukichelewa sana anabaki bila za mama na bila zake.

Swali: Basi mageuko yanaingilia wapi, si wanasema binadamu anabadilika kutokana na magonjwa?

Jibu: Ni kweli, ila watu wengi wanaelewa kinyume. Mtu mmoja mmoja habadiliki jeni zake kwa kuumwa sana. Kinachobadilika ni hesabu ya nani kaacha watoto na nani hakuwahi.

Chukua sikoseli, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison alichapisha utafiti aliofanya Afrika Mashariki unaoonyesha kwamba mtu aliyerithi jeni ya sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja tu, yaani mwenye AS, anakingwa na malaria. Tafiti za baadae zikaonyesha kinga hiyo dhidi ya malaria kali ni karibu asilimia 90, moja ya sababu ni kwamba chembe nyekundu yenye kimelea inajikunja mapema na bandama inaiondoa kabla kimelea hakijakomaa. Kwa maelfu ya miaka kwenye maeneo yenye malaria watoto wenye AS walikuwa wanapona pale wenzao wenye AA, yaani wasio na jeni hiyo kabisa, walipokufa, wakakua, wakazaa, jeni ikaenea. Lakini wazazi wawili wenye AS kila mimba wanayopata kuna nafasi asilimia 25 ya mtoto kuwa na SS, yaani kurithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili, na kila mimba inaanza hesabu upya, sio kwamba mkishapata mmoja mwenye SS basi watatu wanaofuata wako salama, naomba hili lieleweke kwasababu nimesikia watu wakiliamini hivyo. Mtoto wa SS ndio anaebeba maumivu ya mifupa, upungufu wa damu, maambukizi ya mara kwa mara. Na yeye malaria haimuogopi kabisa, kwake ni hatari kubwa.

Angalia gharama hiyo sasa. Hayo ndio mafanikio makubwa ya mageuko dhidi ya malaria na yamelipiwa mara mbili, kwa watoto wa AA waliokufa na malaria na watoto wa SS waliokufa na sikoseli.

Ya malale nayo ni hivyohivyo, kuna aina za jeni ya APOL1 ambazo zipo kwa watu wenye asili ya Afrika, moja inasaidia damu kuua kimelea cha malale cha aina ya Afrika Mashariki, ila ukirithi jeni hizo pande zote mbili hatari ya figo kuharibika inapanda.

Swali: Si bora basi tuache mwili uzoee wenyewe, hata kama inachukua muda?

Jibu: Ukisema "tuzoee" unachosema kwa lugha nyingine ni watoto wasiokuwa na jeni fulani wafe kabla hawajazaa, kizazi baada ya kizazi. Hakuna njia nyingine ya mageuko kufanya kazi hiyo. Na hata hivyo hakuna ahadi kwamba yatafika. Ndui ilikaa na binadamu karne nyingi sana, katika karne ya 20 peke yake inakadiriwa iliua watu milioni 300, na hatukuizoea. Iliyoimaliza ni chanjo, wazo ambalo Edward Jenner alilijaribu mwaka 1796 kwa kutumia ndui ya ng'ombe, mgonjwa wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Somalia mwaka 1977 na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza imetokomezwa.

Kuhusu mababu kuwa imara, sisi tunawajua waliopona. Waliokufa na surua, kifaduro na ndui wakiwa na miaka miwili hawakuacha wajukuu wa kuwasimulia.

Swali: Lakini chanjo si zinaifanya kinga iwe mvivu?

Jibu: Hapana, chanjo inaamsha zoezi lilelile la kwenye mitoki nililoeleza juu, tofauti ni kwamba mwalimu hana silaha. Kinachoharibu kinga ni surua yenyewe, virusi vyake vinashambulia zile chembe za kumbukumbu. Mwaka 2019 ulitoka utafiti uliopima damu za watoto ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua surua, wakakutwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto amepona surua lakini amesahau alichojifunza kuhusu vichomi na magonjwa mengine.

Na pepopunda, ukiugua ukapona bado unatakiwa kuchanjwa, kwasababu kiasi cha sumu kinachotosha kuua mtu ni kidogo mno hata kinga haiamki kukitambua.

Swali: Mbona dawa hazinifanyii kazi siku hizi, mwili wangu umezoea dawa?

Jibu: Mara nyingi aliyezoea ni mdudu sio mwili. Bakteria wengine wakiwa kwenye mazingira mazuri wanagawanyika kila baada ya dakika 20, binadamu kizazi kimoja ni miaka 25 hivi, kwahiyo kwenye mashindano ya mageuko wao wako mbali sana. Ukimeza antibayotiki kwa mafua, ambayo ni virusi na haisaidii chochote, unaua bakteria dhaifu walioko mwilini na unawaachia nafasi sugu. Alexander Fleming aliyegundua penisilini mwaka 1928 alishaonya hilo mwaka 1945. Mwaka 2019 inakadiriwa vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na wadudu hao wanahama, usugu ulioanzia kwako unaweza kumkuta mtoto wa mwingine.

Swali: Vipi kuhusu vidonge na juisi za kuongeza kinga?

Jibu: Kinga sio tanki la kujazwa. Ikizidi ukali inageuka ugonjwa, mzio ni hivyo na kisukari cha aina ya kwanza ni kinga inashambulia kongosho lako mwenyewe. Lala vya kutosha, kula mlo kamili, acha sigara, chanjwa.

Swali: Mimi nina AS, nihangaike na neti kweli?

Jibu: Ndio. AS inapunguza malaria kali, haizuii mbu kukuambukiza, unaweza kuugua na unaweza kubeba vimelea bila dalili mbu akavichukua kwako akapeleka kwa mtu mwenye AA au SS aliyelala chumba cha pili. Mtoto mwenye AS alale kwenye neti na kama chanjo ya malaria inatolewa mnapoishi apewe kama wenzake, zipo mbili ambazo Shirika la Afya Duniani limezipendekeza, ya kwanza mwaka 2021 na ya pili mwaka 2023. Na mwenzi wako apime hali yake ya sikoseli kabla hamjaanza kupanga watoto.