Kukaanga tambi hakupunguzi wanga

Ramadhani ikikaribia swali ni lile lile: eti tambi zikikaangwa mpaka ziwe kahawia wanga wake "unaungua", kwa hiyo mwenye kisukari ajilie tu. Hapana, jamani. Hapana.

Gramu 100 za tambi kavu zina wanga wa gramu 70 na ushei, protini kama gramu 12, kilokalori zipatazo 370. Moto wa kikaango hubadilisha sehemu ya juu tu. Hapo protini na sukari kidogo iliyomo huungana, ndipo inapotoka ile rangi na harufu inayomfikia jirani. Lisini, kijenzi kimojawapo cha protini ambacho ngano inacho haba tangu mwanzo, hupungua zaidi kidogo. Wanga wa juu nao hukatikakatika na kupoteza unato, ndiyo maana tambi zilizokaangwa huchambuka, na zilizotiwa maji zingali nyeupe hugandana. Tunakaanga kwa ajili ya ladha na mchambuko, basi. Zikishika rangi ya asali tia maji ya moto, funika, palia. Ukingoja ziwe nyeusi utakula uchungu.

Kinachonikera hasa ni kulaumu ngano huku tumefumbia macho sufuria. Pakiti ya gramu 400 ni kilokalori kama 1,480. Nusu kikombe cha mafuta, karibu 1,000. Robo kilo ya sukari, karibu 1,000 nyingine. Zaidi ya nusu ya nishati ya chakula hicho haikutoka kwenye tambi kabisa, na zabibu na tui bado hatujavitia!

Wapo wanaoniletea majedwali yanayoonyesha kwamba pasta hupandisha sukari ya damu polepole kuliko mkate mweupe. Ni kweli, ila pasta hiyo imechemshwa tu, bila sukari. Kwa tambi zetu nyembamba za iliki sithubutu kumsomea mgonjwa namba hizo.

Mwenye kisukari namwambia azipike za chumvi. Watu wa pwani ya Valencia, Hispania, hukaanga tambi kama sisi, kisha huziivisha kwa supu ya samaki. Chakula chenyewe ni fideuà. Changu na supu tunavyo. Au ale tambi kidogo kwa choroko nyingi, maana choroko ina ile lisini inayopungua kwenye ngano. Za sukari, akizitamani siku ya Idi, ni vijiko viwili vitatu baada ya chakula, na chai iwe haina sukari.