Kiporo cha matengenezo: pesa za ukuta zipo, za ufa hazipo

Wapenzi wa mpira wanaijua mechi ya kiporo: ilipaswa kuchezwa, ikaahirishwa, na sasa inasubiri. Majengo nayo yana kiporo chake. Paa lilitakiwa kupakwa dawa ya kuzuia maji mwaka juzi, halikupakwa. Bomba la maji taka lilitakiwa kubadilishwa, likafungwa kipande cha mpira wa baiskeli. Zikusanye kazi zote za aina hiyo, zilizofika wakati wake zikasogezwa mbele kwa kukosa pesa, uzitie bei moja moja. Jumla utakayoipata ndiyo wasimamizi wa majengo huiita matengenezo yaliyoahirishwa. Mimi nitasema kiporo tu. Tofauti yake na kiporo cha wali ni kwamba cha wali asubuhi kinanoga na chai ya rangi, na hiki kila kinapolala kinachacha.

Kiporo si sawa na ubovu. Jengo laweza kupendeza machoni, limepakwa rangi jana kwa ajili ya mahafali, na bado likawa na kiporo kikubwa darini na chini ya sakafu. Afadhali kukielewa kama deni. Halimo kwenye vitabu vya hesabu kama mkopo wa benki, lakini linadaiwa, na hapa Mombasa mdai wake ni bahari.

Upepo wa bahari hubeba chumvi. Chumvi hutua juu ya zege na kupenya polepole kwenye vitundu visivyoonekana kwa macho, hadi ifikie nondo. Zege zuri huilinda nondo isishike kutu. Chumvi ikishafika huuvunja ulinzi huo. Hapo ndipo hesabu inapobadilika, maana kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara mbili hadi mara sita. Imebanwa ndani, haina pa kwenda, kwa hiyo inalipasua zege kutoka ndani kwenda nje. Ndiyo maana nyufa za roshani nyingi za mji huu zimenyooka kama zilizopigwa rula: zinafuata mstari wa nondo. Fundi akija akapiga plasta juu yake, ufa umefunikwa, haujapona.

(Nyumba za mawe za Mji wa Kale zina maradhi mengine. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, kwa hiyo hamna nondo ya kuliwa. Kinachoziua ni maji yanayoingia kutoka juu na kuozesha boriti, na saruji ambayo watu huzipaka wakidhani wanaziimarisha, kumbe wanaufungia unyevu ndani ya ukuta.)

Mwaka 1984 mhandisi wa Kiholanzi, de Sitter, aliueleza mwendo huu kwa kanuni nyepesi ya tano. Shilingi 1 usiyoitumia kujenga vizuri tangu mwanzo itakugharimu shilingi 5 za matengenezo kabla kutu haijaanza. Ukichelewa hadi ianze, shilingi 25. Ukingoja ienee, 125. Si mizani ya dukani, ni kadirio, lakini aliyewahi kubomoa slebu iliyooza atakwambia halikukosea sana.

Hapo msomaji ameshaikumbuka methali ya ufa na ukuta. Sote tumeifundishwa. Jambo ambalo methali haisemi ni pesa za kuziba ufa zinatoka fungu gani, na pesa za kujenga ukuta zinatoka fungu gani. Kwa chuo kikuu cha umma, mafungu ni mawili tofauti.

Serikali ya Kenya hugawa bajeti yake kwa matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30, kwa kipindi cha miaka kadhaa, iende kwenye maendeleo. Maktaba mpya ni maendeleo. Kubadilisha gata la maktaba ya zamani ni matumizi ya kawaida, na ndani ya fungu hilo gata linashindana na mishahara, bili ya umeme, maji na dawa za zahanati. Mshahara una chama cha wafanyakazi kinachoweza kuitisha mgomo. Gata halina chama. Halafu hakuna mheshimiwa aliyewahi kuja kukata utepe wa gata. Kwa hiyo inatokea hali ambayo wazee wetu hawakuiwazia: kuuacha ufa mpaka uwe ukuta ndiyo njia rahisi zaidi ya kupata pesa. Sisemi kuna anayepanga hivyo. Nasema mfumo unaelekea huko wenyewe, kama maji.

Kiasi gani kingetosha? Mwaka 1990 Baraza la Kitaifa la Utafiti la Marekani lilipendekeza taasisi za umma zitenge kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kuyajenga majengo yao upya. Tuchukue chuo cha kubuni ambacho majengo yake yote, yakijengwa leo, yangegharimu shilingi bilioni 4. Asilimia 2 ni milioni 80 kwa mwaka. Kikitenga milioni 20, milioni 60 zinaingia kwenye kiporo. Baada ya miaka 5 ni milioni 300, hata kabla ya kuhesabu kwamba kazi iliyoahirishwa hupanda bei.

Ukigawanya hizo milioni 300 kwa bilioni 4 unapata asilimia 7.5, na hicho ndicho kipimo kinachotumika duniani kulinganisha hali ya majengo. Chini ya asilimia 5 hali huitwa nzuri. Kati ya 5 na 10, ya wastani. Ikizidi 10, mbaya. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinaweza kuwekwa mbele ya baraza la chuo kwa mstari mmoja, badala ya mkurugenzi wa majengo kwenda kulalamika kuhusu vyoo.

Kipimo kinafaa zaidi chuo kinapokuwa na kampasi nyingi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kwa mfano, kina makao yake Tudor na kampasi Kwale na Lamu. Tudor kwenyewe kuna majengo ya kuba ya miaka ya 1950, enzi ya Taasisi ya Elimu ya Kiislamu iliyokuja kuwa politekniki mwaka 1972 na chuo kikuu kamili mwaka 2013, na kuna ya juzi. Kila jengo lina umri wake na ugonjwa wake. Bila orodha moja yenye bei, anayepata fundi ni anayepiga kelele zaidi, na kwa kawaida huyo ni aliye karibu na ofisi kuu. Mfumo wa California State University, wenye kampasi zaidi ya ishirini, huweka miradi ya kampasi zote kwenye mpango mmoja wa miaka mitano, ujenzi mpya na ukarabati wa zamani bega kwa bega. Pesa zao si zetu, lakini orodha moja haihitaji utajiri. Inahitaji mtu wa kupanda darini kwenye kila paa na kuandika alichokiona.

Kuna kikwazo kingine cha kwetu, nacho ni kalenda. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. Pesa zikichelewa kutoka Hazina, na huchelewa, idara inazipata Aprili au Mei na kuharakishwa izitumie. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa. Basi utaona mafundi wakipaka paa dawa ya kuzuia maji huku masika yanawamwagikia, na kazi hiyo inahesabiwa kuwa imefanyika.

Jengo jipya lenyewe huanza kuzalisha kiporo mapema kuliko watu wanavyodhani. Mkandarasi anapokabidhi funguo, sehemu ya malipo yake huzuiwa kwa muda, mara nyingi miezi sita hadi kumi na miwili, ili kasoro zitakazojitokeza azirekebishe kwa gharama yake. Muda huo ni dhahabu, na idara nyingi huuacha upite bila kukagua. Ukiisha, kila tone linalovuja ni la chuo. Siku hiyo ya makabidhiano inafaa pia ipokelewe michoro ya mabomba na nyaya jinsi zilivyolazwa kweli, si jinsi zilivyochorwa ofisini.

Chuo kimoja cha pwani nilikosoma, jina nitalihifadhi, hakikuwa na michoro hiyo. Bomba kuu lilipasuka usiku wa kuamkia mitihani, maji yakajaa ukumbini, na hakuna aliyejua koki ya kulifunga iko wapi. Ikabidi apigiwe simu mzee mmoja aliyekwisha kustaafu. Alifika kwa bodaboda, amevaa kikoi, akasimama chini ya mwembe, akahesabu hatua kumi na nne kuelekea bwenini, akasema, "Chimbeni hapa."