Kwa nini antena ya boosta haifupishwi tu

Angalia juu ya zile flati za Pipeline ama Umoja hapa Nairobi, kando ya matenki ya maji, utaona maboksi marefu meupe yamefungwa wima kwa nguzo. Wengi huita kila kitu hapo boosta, yaani mtambo wa mtandao wa simu, lakini hilo boksi ndio antena, na ndani yake kuna safu ya antena ndogondogo zinaitwa elementi.

Elementi ikiwa moja inamwaga mawimbi ovyo, mengine yanaishia mawinguni. Zikipangwa moja juu ya nyingine na zote zilishwe signali moja, mawimbi yanaongezeana nguvu kwa mbele na yanauana juu na chini, kwa hivyo unapata mwali mwembamba unaoelekea kwa watu. Ukichelewesha kidogo signali ya zile za chini mwali wenyewe unainama kuelekea mtaani bila mtu kupanda kugeuza boksi.

Sasa shida ni saizi. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimita 33 hivi, na elementi zinafaa ziachane kuanzia nusu ya wimbi hadi chini kidogo ya wimbi zima. Weka elementi 8 zikiachana sentimita 25 na tayari uko karibu mita 2. Kwa gigahezi 3.5, ile ya 5G, wimbi ni sentimita 8.6 tu, hata elementi 64 zikipangwa 8 kwa 8 zinatoshea kwa mraba wa sentimita 35 hivi.

Ukizibananisha zaidi, kila elementi inaanza kumeza signali ya jirani, nguvu inarudi kwa waya na mwali unapinda. Ukizitanua sana nayo, miali mingine isiyotakiwa inachomoza pembeni.

Ndio maana mafundi hutafuta nafasi kwa njia zingine. Elementi mbili zinapishanishwa kama X, moja digrii 45 huku na nyingine kule, zinakaa pahali pamoja na hazisumbuani sana. Halafu zile ndogo za masafa ya juu, yaani mawimbi mafupi kama ya gigahezi 3.5, zinaingizwa katikati ya zile kubwa za masafa ya chini kama megahezi 900, na hapo mimi naona ndio kuna kazi yenyewe, juu chuma cha ile kubwa kinaikinga ile ndogo, inabidi kikatwekatwe na kupindwa hadi masafa ya juu yapite kama hakipo. Kuta fupi za chuma pia huwekwa kati ya safu kupunguza kuingiliana.

Hayo yote ni kwa sababu boksi kubwa linasukumwa sana na upepo, na landilodi naye anataka kodi ya kila kitu kinachowekwa kwa paa.