Je, wajua kwa nini daraja la Puente la Reina lina matundu juu ya nguzo zake?

Puente la Reina ni mji mdogo wa Navarra, kaskazini mwa Hispania, kilomita 24 hivi kutoka Pamplona. Hapo mahujaji wa Kikristo waendao Santiago de Compostela, kwenye kaburi linaloaminiwa kuwa la Mtume Yakobo, huvuka mto Arga kwa daraja la mawe la karne ya 11. Lina urefu wa mita 110 na matao sita yanayoonekana. La saba limefukiwa ardhini upande wa mjini. Ukilitazama kutoka ukingoni, utaona kwamba katikati ya tao na tao, juu ya kila nguzo, pana tundu refu lililotoboka mpaka upande wa pili. Hakuna ngazi ya kulifikia. Basi ni la nani?

Ni la maji.

Matao haya ni nusu duara, kwa mtindo uliorithiwa kwa Warumi. Nusu duara ni pana chini na hupungua kadiri unavyopanda. Siku za kawaida hilo halina shida. Lakini mvua ikizidi na theluji ya milima ya Pirenei ikayeyuka, Arga hupanda, na kadiri unavyopanda ndivyo nafasi ya kupita inavyobanwa, wakati ule ule mto unapohitaji nafasi zaidi. Pale tao linapopinda, juu ya nguzo, ungekuwepo ukuta mtupu. Maji yangeurundikia magogo na kuusukuma kwa nguvu zote. Tundu linayafungulia mlango. Tena, mawe yasiyowekwa hapo ni mzigo ambao nguzo haibebi, na chini ya nguzo ndipo madaraja mengi ya zamani yalipoanzia kufa, maana mkondo huchimba mchanga wa msingi.

Ujanja huu haukuzaliwa Navarra. Daraja la Fabricius mjini Rome, la mwaka 62 K.K., lina tundu kama hilo, na bado linavukwa.

Nusu duara ndiyo inayoeleza pia kwa nini daraja lina mgongo. Tao la namna hiyo likiwa pana ni lazima liwe refu kwenda juu, na tao la katikati hapa ndilo pana kuliko yote. Kwa hiyo hujaji hupanda mpaka katikati, kisha hushuka.

Nani aligharimia kazi yote hii? Jina la mji lamaanisha daraja la malkia, ila malkia mwenyewe anabishaniwa: wengine humtaja Mayor, mke wa Mfalme Sancho wa Tatu, na wengine Estefanía, mke wa García, mwana wa Sancho huyo. Sababu ya kulijenga ni rahisi kuielewa ukijua habari za wavushaji. Kitabu cha karne ya 12 cha kuwaongoza mahujaji, Codex Calixtinus, kinawalaani wavushaji wa Sorde, upande wa Ufaransa: mtumbwi wao ni wa gogo moja, nauli yao ni ya kunyang'anya, na wakati mwingine huujaza watu makusudi upinduke, kisha hufurahi kuwapora maiti. Mwandishi wake alikuwa na ulimi mkali, na huenda alitia chumvi. Hata hivyo, mtu aliyesoma maneno hayo angeona daraja lisilo na nauli ni sadaka kubwa. Kanisa nalo lilihesabu hivyo: Domingo de la Calzada, aliyefariki mwaka 1109, anaheshimiwa kama mtakatifu kwa kuwatengenezea mahujaji barabara na daraja huko La Rioja.

Faida ya dunia nayo haikukosekana. Njia mbili kutoka Ufaransa, ya Roncesvalles na ya Somport, hukutana karibu na hapa, na kila aliyeshuka milimani alihitaji mkate, kitanda na viatu. Mwaka 1122 Mfalme Alfonso wa Kwanza aliupa mji hati ya haki zake ili watu wahamie, na mtaa wake mkuu ukanyooka moja kwa moja hadi darajani. Magari siku hizi hupita daraja jipya la jirani, na hapo ndipo pazuri pa kusimama ukitaka kuyaona matundu yale vizuri.